Mshipi wa Kijani wa Winfodi

Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikata. Najua mtabisha. Nikiwaambia kwamba huko Uingereza kuna wanaume wazima, wana ndevu na wana wake, wanaojifunga njuga miguuni, wanavaa kofia zilizojaa maua, wanashika leso mkono huu na mkono huu, halafu wanarukaruka hadharani mchana kweupe, mtasema huyu kaishia darasa la tano, kayaokota wapi haya? Sawa. Lakini nyinyi mliomaliza madarasa yote, mbona hamkuwahi kutuambia habari hii? Basi kaeni. Bisheni mioyoni, midomo ifungwe.

Hapo zamani, meli zilipokuwa bado zinakula makaa ya mawe, palikuwa na vijiji viwili vya Kiingereza vilivyotenganishwa na daraja moja la mawe. Cha huku kiliitwa Winfodi, cha ng'ambo kiliitwa Haltoni. Kila kijiji kilikuwa na kundi lake la ngoma, na kila kundi lilikuwa na rangi yake. Nguo nyingine zilikuwa zilezile: shati jeupe, suruali nyeupe, njuga chini ya magoti. Ukiwatazama kwa mbali humjui huyu wa wapi na yule wa wapi. Kilichowatenga ni mshipi, kitambaa kipana kinachotoka begani, kinakatiza kifua, kinafungwa kiunoni. Winfodi mshipi wa kijani. Haltoni mshipi wa manjano. Watu wa Winfodi walikuwa hawapandi ua la manjano hata kaburini.

Kila mwaka, Jumatatu ya Pentekoste, makundi hayo yalikutana kwenye uwanja wa majani kando ya daraja. Na sheria ilikuwa moja, kila mtoto anaijua kabla hajajua kufunga viatu: wanaume sita, mishipi sita, mpaka saa sita. Maana yake, kundi liingie uwanjani saa tano na wachezaji sita waliovaa rangi yao, licheze bila kusimama, na kengele ya kanisa ikipiga saa sita mchana wakutwe bado wako sita na bado wamevaa rangi. Kengele ikikuta mtu amepungua, au mtu amepungukiwa rangi, basi rangi hiyo imekufa. Mishipi inakabidhiwa kwa jirani, jirani anaikata vipande vya kufungia mbwa, na kijiji hicho hakichezi tena.

Mnacheka. Hapa kwetu watu wamenuniana miaka saba kwa sababu ya sare ya arusi. Waacheni Waingereza na mishipi yao.

Sasa, katika kijiji cha Winfodi alikuwapo mtu asiye wa Winfodi. Jina lake Feruzi, Mpemba wa Wete, mwosha vyombo wa meli. Meli yao ilipotia nanga Uingereza alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, na alipotoka meli ilikwisha kuondoka. Akaambiwa, "Itarudi baada ya miezi mitatu. Jitunze." Ajitunze wapi? Akatembea kwa miguu, shamba kwa shamba, mpaka akafika Winfodi, na mjane mmoja anayeitwa Bi Hesta akampa pa kulala katika banda la nyuma ya nyumba. Feruzi akawa anamchotea maji, anampasulia kuni, anamwoshea vyombo. Na vyombo aliviosha kweli. Kazi ya meli ilikuwa imemwingia mifupani. Akiona sufuria ina doa, chakula hakipiti kooni.

Bi Hesta alikuwa dobi, na ndiye mtia rangi wa kijiji. Mishipi yote ya kijani ilitoka mikononi mwake, kama ilivyotoka mikononi mwa mama yake.

Wiki ya pili akaja askari wa kijiji.

"Wewe mtu wa meli, meli yako iko wapi?"

"Inakuja, bwana."

"Mwezi gani?"

"Wa tatu kutoka ule uliopita."

Askari akacheka. "Kijiji hiki hakikai mtu asiye na mwenyewe. Ngoma ni Jumatatu. Jumanne asubuhi nisikukute."

Feruzi akabaki anahesabu. Miezi miwili na nusu iko mbele yake, na Jumanne iko mlangoni. Nje ya Winfodi hakuwa na banda, hakuwa na mjane, hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyochafuka.

Siku ya Ijumaa, mchezaji mmoja wa Winfodi anayeitwa Sailasi, kijana mrefu, mwenye miguu mizuri kuliko yeyote na mdomo mkubwa kuliko miguu, alipanda juu ya meza ya kilabu kuwaonesha wasichana jinsi anavyoruka. Akaruka vizuri. Kushuka ndiko kulikomshinda. Kifundo cha mguu kikavimba kama boga.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kikajaa uani kwa Bi Hesta. Mbele yao Mzee Obadia, kiongozi wa ngoma na mpiga fidla, mzee wa magoti mabovu na masikio makali. Sailasi akaletwa kwa toroli.

"Tuna wanaume watano," akasema Mzee Obadia. "Watano! Wengine wote wamekwenda kwenye viwanda. Waliobaki ni mimi na wenye mikongojo."

"Nitacheza kwa mguu mmoja," akasema Sailasi.

"Huo mmoja ndio uliotuponza. Nyamaza."

Hapo zikasikika njuga. Watu wakageuka. Feruzi alikuwa ameziokota njuga za Sailasi kwenye toroli, amejifunga miguuni kutaka kujua uzito wake tu, na miguu ikaanza yenyewe. Maana kwao Pemba kuna ngoma inaitwa msewe, wanaume hufunga manyanga miguuni na kuikanyaga ardhi mpaka ijibu. Feruzi aliicheza tangu hajaota ndevu. Akapiga mguu wa kulia, akapiga wa kushoto, njuga zikalia kwa pamoja kama zimefungwa uzi mmoja.

Mzee Obadia akafumba macho, akasikiliza. Akafumbua. "Nani huyo?"

"Baharia wangu," akasema Bi Hesta.

"Si mtu wa hapa!" akadakia mmoja.

"Sheria inasema wanaume sita," akajibu mzee. "Haisemi wametoka wapi. Baharia, una siku mbili. Utaweza?"

Feruzi akasema, "Nikiweza, nitapata nini, mzee?"

Watu wakaguna. Mzee Obadia hakuguna. Akashika mshipi uliokuwa kifuani mwake, wa kijani kilichokolea kama majani ya mgomba baada ya mvua. Huo ulikuwa mshipi mkuu, wa kiongozi, na haukuchezewa ngoma.

"Mwaka huu ndio wangu wa mwisho," akasema. "Magoti yamekataa. Kengele ikipiga saa sita nauvua huu, namfunga yule aliyeiokoa rangi yetu. Mmoja tu, maana haukatwi. Na mwenye mshipi mkuu hafukuzwi Winfodi na mtu yeyote, hata askari, hata mfalme akija na farasi wake. Akibisha mlango, unafunguliwa. Akikaa mezani, anapewa sahani."

Feruzi akasema, "Naweza."

Mguu ukapatikana, bado mshipi. Mtaniuliza, si achukue wa Sailasi? Haichukuliwi hivyo. Kwao, mwenye kuuvua mshipi wake akampa mwenzake, amevua ngoma. Hautarudi kifuani mwake mpaka anaingia kaburini. Sailasi alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kifundo kitapona.

"Msinitazame mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwaka ujao nacheza. Bila ngoma mimi ni mkata nyasi tu."

Bi Hesta akaingia ndani, akatoka na shuka. Shuka la kitani, jeupe, lenye tarizi pembeni. Wanawake wakaziba midomo. Lilikuwa shuka lake la arusi, na alikuwa ameliweka ili afunikwe nalo siku atakayomfuata mumewe. Akaliweka mezani, akashika mkasi, akakata katikati.

"Bi Hesta!" akasema Feruzi.

"Kitambaa ni kitambaa. Nenda kajifunze kuruka."

Rangi ya kijani kwao haikutoka kwenye kopo. Kwanza kitambaa kinachemshwa na maua fulani ya porini, kinatoka manjano. Halafu kinachovywa kwenye pipa la nili, ile rangi ya buluu iliyochachishwa kwa wiki nyingi, na buluu ikilala juu ya manjano ndipo kijani kinazaliwa. Ndiyo maana watu wa Haltoni waliwatania, "Nyinyi ni sisi, mmetiwa uchafu tu."

Bi Hesta akachemsha maua, akatoa kitambaa cha manjano safi. Akaenda kwenye pipa la nili kule bandani. Pipa tupu. Kavu. Halina hata tone.

Siku hiyo asubuhi watu walikuwa wamecheka sana kuwaona bata wa jirani wanatembea na vifua vya buluu, bila kujua wamekwenda kuoga wapi. Sasa ikajulikana: mtaroni nyuma ya banda, nili ilikoishia.

"Limevuja," akasema Bi Hesta. Akalitazama lile pipa kwa muda, akasema tena, "Limevuja."

Haya, limevuja. Tuendelee.

Nili mpya inataka wiki tatu kuchacha. Bi Hesta alikuwa na siku moja na nusu. Akafanya ambalo mama yake angemchapa kwa kulifanya. Akachukua buluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashati meupe, akaikoroga nzito kama uji, akachovya, akaanika, akachovya, akaanika, mara tisa. Jumapili jioni mshipi ukatoka kijani. Si kijani cha wenzake, lakini kijani.

"Bi Hesta," akauliza Feruzi, "buluu hii si inatoka kwa maji?"

"Inatoka."

"Na mvua ikinyesha?"

"Omba kwa dini yako, nami naomba kwa yangu. Mmoja wetu atasikiwa."

Siku hizo mbili zote Sailasi alikaa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo, fimbo mkononi, akimfundisha Feruzi. Alimfundisha kwa matusi.

"Mbele mbili! Ruka! Leso juu! Juu, baharia, hupungii meli! Tena!"

"Naruka hivi."

"Hujaruka, umekanyaga. Una ugomvi gani na ardhi? Iache! Sisi tunaruka kuikimbia, wewe unaikanyaga kama inakudai talaka!"

"Kwetu ndivyo."

"Hapa si kwenu! Tena!"

Asubuhi mpaka jioni, tena, tena, tena. Viatu vya Sailasi vilikuwa vidogo kwa Feruzi, visigino vikachubuka, soksi nyeupe zikawa na madoa. Hakuomba kupumzika. Jumapili jioni Sailasi akatupa fimbo chini.

"Unaruka kama ng'ombe," akasema. "Lakini ng'ombe anayejua saa. Utafika."

Jumatatu ikafika.

Saa tano kasoro, Wamanjano wa Haltoni wakavuka daraja wakiwa na wachezaji wao sita, wamenyooka, njuga zinalia. Kiongozi wao alikuwa bwana mmoja mnene mwenye sauti ya ng'ombe dume.

"Winfodi!" akanguruma. "Nasikia mmekodi mguu!"

"Mguu wetu," akajibu Mzee Obadia, "na ukikupiga utaujua ni wa nani!"

Sailasi akakalishwa kwenye kiti pembeni ya uwanja, mshipi wake kifuani kama kawaida ya mchezaji aliye mgonjwa. Bi Hesta akamfunga Feruzi mshipi mpya. Fidla ikalia. Ngoma ikaanza, kijani upande huu, manjano upande ule.

Robo ya kwanza, sawa. Nusu saa, sawa. Feruzi alikuwa wa mwisho kwenye mstari wa kushoto, macho yake kwenye kisogo cha mwenzake, anahesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili, moja mbili, ruka, moja mbili, ruka. Watu wa Winfodi wakaanza kupumua.

Robo ya tatu, mvua.

Si mvua ya kwetu inayopiga hodi. Ile ya kwao, nyembamba, inaingia kila mahali bila kuomba ruhusa. Kwanza fidla. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa kondoo, zikalowa, zikalegea, ikatoa sauti ya paka, ikanyamaza. Mzee Obadia akapiga upinde, hakuna kitu. Wachezaji watano wa Winfodi wakaanza kupishana, huyu juu, huyu chini, majani yanateleza, leso zimelowa. Ngoma ilikuwa inakufa.

Feruzi akaacha kuruka. Akakanyaga. Akaipiga ardhi kwa msewe, kulia, kushoto, kulia kulia kushoto, njuga zikalia kwa pamoja, matope yakaruka mpaka magotini. Wenzake wakasikia. Mmoja akaushika ule mdundo, wa pili akaushika, wa tano akaushika. Hawakuwa na fidla tena, walikuwa na mguu wa Mpemba.

"Ikanyage!" akapiga kelele Sailasi kutoka kitini. "Ikanyage, baharia! Nimekosea mimi!"

Lakini mvua haikuja kwa ajili ya fidla peke yake. Feruzi akaona suruali yake nyeupe inachirizika buluu. Akatazama kifua. Buluu ya Bi Hesta ilikuwa inashuka, inashuka, na nyuma yake manjano yanatoka kama jua. Kengele bado dakika kumi.

Watazamaji wa Haltoni wakaona. Wakaanza kupiga makofi. Na yule bwana mnene akaja mpaka kwenye mstari, akanguruma kwa furaha.

"Baharia! Una rangi yetu! Vuka uje huku! Mwenye manjano ni wa Haltoni, ndiyo sheria! Tuna nyumba, ina dirisha, ina moto! Utakaa mpaka meli yako ioze! Huko wanakufukuza kesho, nani asiyejua?"

Sasa mtieni Feruzi akilini. Hatua tatu kushoto, ana nyumba. Hakuna atakayemlaumu, rangi yenyewe ndiyo iliyomhamisha. Akibaki, kengele itamkuta na manjano, Winfodi itakufa, na Jumanne askari yuko mlangoni. Hatua tatu tu. Akamwona Bi Hesta pembeni, mikono yake ya buluu mpaka viwikoni, haombi.

Feruzi akakanyaga palepale alipokuwa. Kulia, kushoto, kulia kulia kushoto.

Hapo Sailasi akasimama. Kwa ule mguu. Akafungua fundo la kiunoni, akauvua mshipi wake mbele ya watu mia tatu. Mama yake alikuwapo, akapiga ukelele. Sailasi akachechemea mpaka kwenye mstari, akauvua ule wa manjano kifuani mwa Feruzi huku Feruzi anaendelea kukanyaga, akamvika wake, akafunga. Akamwambia sikioni, "Usiuangushe, ng'ombe wee." Akaanguka pale pale kwenye matope.

Kengele ikapiga saa sita. Wanaume sita, mishipi sita.

Mnene wa Haltoni akatema mate, akavua kofia yake ya maua. Sheria ni sheria.

Basi Mzee Obadia akaja katikati ya uwanja, akauvua mshipi mkuu, akaushika mikono miwili. Kijiji kizima kikakaa duara kwenye maji.

"Nilisema namfunga aliyeiokoa rangi," akasema. "Anayedhani ni yeye, aseme."

Akasimama Bi Hesta. "Rangi inaokolewa na mwenye kuitia. Nimekata shuka langu la kaburini. Nitalala udongoni na gunia. Bila kitambaa changu huyu asingeingia uwanjani hata hatua moja, na wewe mzee ungekabidhi mishipi saa tano kabla ya mvua. Na mnasema imechuja? Imechuja. Lakini ilishika mpaka mlipobaki na dakika kumi. Miaka thelathini nawatia rangi, sijawahi kuvaa hata uzi wake. Nipeni."

Akasema Sailasi, amelala, kichwa mapajani mwa mama yake. "Bi Hesta, wewe ulitoa shuka la siku ya kufa. Mimi nimetoa siku zangu za kuishi. Sitacheza tena. Nimemfundisha, nimemvika, nimebaki mkata nyasi. Mshipi wenu ulipogeuka wa jirani, ni wangu uliosikia kengele. Najua mtasema ni mimi niliyeruka mezani. Basi deni la mezani nimelilipa. Nipeni."

Wakamgeukia Feruzi. Soksi zake zilikuwa nyekundu na buluu.

Akasema, "Kitambaa hakichezi. Mshipi hauchezi. Fidla yenu ilinyamaza, ngoma ikabaki kwenye visigino vyangu. Na nyinyi wawili mlipoteza vya kwenu kwa ajili ya kwenu. Mimi niliitwa nyumbani kwenye moto, nikakataa, kwa ajili ya kijiji kinachonifukuza kesho. Nipeni."

Watu wakagawanyika. Wanawake wakasema Hesta. Vijana wakasema Sailasi. Mzee mmoja kiziwi, ambaye hakusikia neno hata moja, akasema baharia.

Na nyinyi? Semeni. Wewe wa Hesta, eti? Wewe Sailasi, kwa sababu nawe unapenda meza. Haya.

Mbona mnanitazama hivyo? Sawa. Kuna kipande nimekiruka. Nilijua mtaninusa.

Pipa halikuvuja.

Ijumaa, Bi Hesta alipokwenda mjini kupeleka nguo, Feruzi alitaka kumshukuru kwa kumlaza. Akaona bandani pipa linanuka. Nili iliyochacha inanuka, jamani, kama choo cha ng'ombe, na juu ina povu. Yeye akadhani maji yameoza. Akalimwaga mtaroni lote. Akachukua mchanga, akalisugua kama anavyosugua masufuria ya meli, ndani na nje, mpaka akajiona uso. Akaligeuza likauke. Akasimama pembeni anasubiri kusifiwa. Jumamosi alipowaona bata wale, akaelewa. Hakusema.

Na pale uwanjani, Mzee Obadia aliuliza mara ya mwisho, "Kuna mwenye neno jingine?" Feruzi akafungua mdomo. Akaiona Jumanne. Akaufunga.

Mshipi alipewa yeye. Alikaa Winfodi miezi miwili na nusu, milango inafunguliwa, sahani zinakuja. Sailasi alikata nyasi. Bi Hesta ndiye aliyeambiwa amfunge ule mshipi mkuu, na alipokuwa anakaza fundo akamwambia polepole, asisikie mwingine:

"Pipa langu halijawahi kung'aa vile."

Alijua tangu Jumamosi. Akamfunga, akarudi mahali pake.

Nayajuaje? Feruzi ni babu yangu, mzaa mama. Meli iliporudi aliondoka na mshipi ule. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu alijua nina mdomo na yeye hakuwa nao tena. Ule mshipi ninaouvaa kila arusi, mnaouliza nimenunua wapi, ndio huu. Shikeni. Mvua ngapi umepigwa, na haujachuja.

Je, nani alistahili?